Hesabu ya nauli ya mtu wa Jangwani

Masika yakishika, Dar es Salaam huulizana swali lile lile: hawa watu wa bondeni mbona hawahami? Linaulizwa ndani ya daladala iliyokwama Magomeni, maji yamepanda Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, Barabara ya Morogoro imefungwa, na abiria anayaona maghorofa ya Kariakoo asiweze kuyafikia. Kukasirika ana haki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, nyumba zilizosongamana zinabana njia ya maji, na choo kikifurika hakichagui mlango wa kuingia.

Ila itazame ramani kwanza. Barabara nne kubwa, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, zinatawanyika kutoka mjini kama vidole, na katikati yake yamelala mabonde: Msimbazi, Kizinga, Mzinga. Wakoloni waligawa pakavu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Mwafrika akasukumiwa Kariakoo. Waliokuja nyuma yao walikuta ardhi iliyobaki karibu na kazi ni ile iliyoachiwa maji.

Hapo kwenye "karibu na kazi" ndipo ninapong'ang'ania. Baada ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, kilomita 30 na ushee kutoka mjini. Pakavu, hewa safi, sina ubishi. Sasa mchukue kuli wa Kariakoo. Mizigo inashushwa alfajiri. Akiwa Jangwani anatembea dakika 20, kafika. Akiwa Mabwepande anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kwa siku 26 za kazi hizo ni nauli 104 kwa mwezi, na siku ambayo mzigo haukuja nauli imeliwa vile vile. Mkewe anakaanga mihogo. Kule atamuuzia nani, wakati jirani zake wote ni waathirika wenzake? Wapo waliouza viwanja wakarudi bondeni, tukawaita matapeli. Mimi naona walipiga hesabu tu.

Na hatari wanaijua kuliko sisi tunaowahubiria. Ingia chumba kimoja cha huko: kitanda kimepandishwa juu ya matofali matatu matatu, kizingiti cha saruji kinafika gotini, unakiruka kama unaingia mtumbwini. Vyeti vya watoto vimo kwenye mfuko wa nailoni, umening'inizwa kwenye boriti.

Halafu tuulizane: karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Hapo hapo Jangwani. Mabasi yalianza kazi 2016 na maji yameingia humo zaidi ya mara moja. Wasomi walioichora sijasikia wakiitwa wakaidi.

Maji yenyewe yanatoka juu, milima ya Pugu na Kisarawe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo milioni moja ya nyongeza kwa sehemu kubwa imejenga pembezoni, Kibamba, Chanika na kwingineko, mabati juu, saruji uani. Mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi sasa inateremka, na inateremka na mchanga unaojaza mto. Mwenye nyumba ya kilimani, kibali mkononi, anaitazama Jangwani kwenye taarifa ya habari na kusikitika. Maji ya paa lake yamo humo.

Mradi wa sasa wa bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umekuja na fidia, bustani na mpango wa daraja lililoinuka zaidi. Ni hatua kubwa kuliko zile alama za X nyekundu kwenye nyumba za bondeni na matingatinga ya kuzibomoa ya Desemba 2015, na barabara isiyofungwa itamfaa kila mtu. Lakini fidia inapima nyumba na kiwanja. Zile dakika 20 hazimo kwenye fomu. Atakayelipwa akanunue Msongola, huko pembezoni, atapata ukuta usiolowa, na saa 10 alfajiri, wakati nyanya zinashushwa Kariakoo, yeye atakuwa kituoni anasubiri gari la kwanza.