Mganga wa Isevya

Medali ya Ushindi ya Vita Kuu ya Kwanza ni ya shaba nyeusi, upana milimita 36, na utepe wake ni pinde mbili za mvua zilizogeuziana, nyekundu katikati. Nchi washirika kadhaa zilitoa kila moja ya kwake, wakiwemo Wabelgiji, walioingia Tabora hii tarehe 19 Septemba 1916. Ya Mwingereza imegongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Wachakachuaji hulipiga tupa jina hilo, na upana ukipungua ujue limefutwa. Baadhi ya za bandia ni zinki ya kumimina. Sumaku haisaidii kitu hapo, maana haishiki zinki wala shaba. Dawa yake ni maji.

Nilikuwa nayo moja ya kupima. Unavua utepe, unapima medali kavu kwa mizani ya sonara. Kisha unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, unaizamisha medali kwa uzi mwembamba bila kugusa chini. Ikigusa, umepima kikombe. Gramu zinazosomeka ndizo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa hizo. Shaba nyeusi hukaribia 8.8, zinki huishia 7 na kidogo. Mapovu yakiganda kwenye pete ya juu, namba hushuka na medali halali hupewa kesi ya bure, kwa hiyo tia tone la sabuni ya vyombo. Upepo nao huchezesha mizani. Basi nikazima feni, nikafunga dirisha, nikashusha pazia. Oktoba, Tabora! Jasho lilinitoka kama la mchimba kisima.

Pazia lilikuwa na tundu.

"Mwangaluka, mwanangu." Mama jirani yuko mlangoni, macho kwenye kikombe. Ameona chuma kinaning'inia majini, utepe wa rangi saba mezani, na mtu kifua wazi ananong'ona "nane nukta nane."

"Jogoo wangu kachukuliwa na nani?"

Nikamweleza habari ya ujazo na mapovu.

"Kumbe mapovu ndiyo yanayosema," akajibu, akachomeka mia tano chini ya kikombe. Mizani ikaruka. Ikabidi nianze upya, na yeye akaondoka akaeneza kwamba mganga kakataa kusema kwanza, pesa ilipowekwa vyombo vikatikisika.

Jioni jogoo akarudi mwenyewe.

Kulipokucha mjumbe akafika kudai kibali cha uganga. Nikapima mbele yake, hatua kwa hatua. Akanyamaza, akafunga mlango, akatoa leso. Ndani mna rupia 15 yenye tembo, ile dhahabu ambayo Wajerumani waliipiga hapa 1916 kwenye karakana ya reli walipofungiwa njia ya bahari. Yake ya urithi, alisema. Halisi ina uzito wa gramu 7.2 hivi, na ukiigawa kwa ujazo wake inakaribia 15.

Yake ikatoa 8.4. Shaba ya njano.

"Nilijua!" akaruka. "Shemeji kanibadilishia!"

Nikamwambia huenda ilikuwa bandia tangu kwa babu. Hakunisikia, alishafika barabarani, anataja namba kwa sauti.

Magharibi shemeji akasimama mlangoni na fimbo ya mpingo, anauliza anakokaa mganga wa vikombe. Nikamwelekeza kwa fundi saa.