Kalamu ya adrenalini ni ghali, kichupa je?

Korosho na ufuta ndivyo vinavyolipa ada na kununua mabati huku Mtwara na Lindi. Vyote viwili vimo pia kwenye makundi tisa ya vyakula ambayo sheria ya Marekani inalazimisha yatajwe kwenye pakiti kwa sababu ya mzio, yaani aleji; ufuta uliongezwa Januari 2023. Kwa mwenye aleji kali, punje chache zinatosha kumbana pumzi, kumshusha presha na kumwangusha. Dawa ya kwanza ya kumwokoa ni moja, adrenalini, inayochomwa mapema kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Piritoni tunayoikimbilia wengi wetu hutuliza muwasho, haifungui koo. Maziwa anayonyweshwa mgonjwa ndiyo kabisa, hayasaidii.

Wapo wanaotaka wabunge wetu waige Marekani kwenye suala la bei, na hoja yao haikutoka hewani. Kule adrenalini huuzwa ikiwa tayari ndani ya kalamu ya kujichoma: unaondoa kizibo, unaikandamiza pajani, sindano inajichoma yenyewe. Kampuni ya Mylan ilipoichukua EpiPen, mojawapo ya kalamu hizo, mwaka 2007, kalamu mbili zilikuwa kama dola 100. Mwaka 2016 zilifika karibu dola 600, na mkuu wa kampuni hiyo, Heather Bresch, akaitwa mbele ya kamati ya Bunge kujieleza. Mtu anayenunua uhai wa mwanawe hana sauti ya kupatana bei, na muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yakaingilia kwa sheria. Colorado iliweka kikomo cha dola 60 kuanzia 2024, Illinois ikafuata 2025. Kampuni ya Teva, nayo mtengenezaji wa kalamu hizo, ilikwenda mahakamani kuipinga sheria ya Colorado, ishara kwamba sheria hiyo iligusa mfuko.

Mimi hapo ndipo ninapoachana nao. Kikomo cha bei hufanya kazi pale bidhaa ilipo. Kalamu hiyo sijaiona kwenye duka la dawa hapa Mtwara mjini, sembuse Tandahimba au Liwale. Ukimpangia bei muagizaji ambaye hajaagiza hata boksi moja, umempa sababu nyingine ya kutoagiza. Hata hizo dola 60 ni kama laki na nusu za kwetu, kwa kitu kinachoisha muda baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, na kinachotaka kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25. Joto la Mtwara mnalijua.

Wakati huohuo adrenalini ileile ipo kwenye kichupa cha kioo chenye mililita moja tu. Ni dawa ya zamani, haina mwenye hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kalamu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muuguzi anavunja shingo ya kichupa, anavuta nusu mililita kwa mtu mzima, anachoma. Basi. Kama ni kuwabana wabunge, ningewabana kwanza hapa: kila zahanati iwe na kichupa hicho kwenye trei ya dharura, na anayeshika zamu ajue kukitumia bila kusubiri daktari.

Wanaotetea kalamu watasema zahanati iko mbali, na wana haki. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Estelle Simons waliwapa wazazi kichupa, bomba la sindano na maelekezo. Wazazi walitumia zaidi ya dakika mbili kuvuta dozi ya mtoto mchanga, wauguzi wa kitengo cha dharura hawakufika hata nusu dakika, na dozi za wazazi zilipishana mno. Ukikosea nukta ya desimali, umempa mtoto mara kumi ya anachostahili. Kwa hiyo kumkabidhi mama kichupa akae nacho nyumbani Nanyumbu si jibu jepesi kama linavyosikika mtu akilisema akiwa Dodoma.

Ndiyo sababu siifuti kalamu. Ninaiona mahali pake ni kwenye bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na inazungumzia kitita cha huduma za msingi. Kwa wale wachache ambao daktari ameshathibitisha kwamba waliwahi kuponea chupuchupu, kalamu ilipiwe humo, ununuzi ufanywe kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa, na bei ijadiliwe na mnunuzi mwenye kifua, si mzazi mmoja mmoja kaunta.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na mzio wakati malaria na vifo vya uzazi vinatutoa jasho. Swali ni halali kwa kalamu. Kwa kichupa halina nguvu, kwa sababu hakimsubiri mwenye aleji ya korosho peke yake. Sindano ya penisilini inaweza kuleta mzio uleule. Nyuki je, kwa warina asali? Hata dawa ya sumu ya nyoka, ambayo mkulima anayepalilia mikorosho anaweza kuihitaji siku yoyote, huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, na haifai kuchomwa pasipo adrenalini mkononi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya bei ni ukaguzi. Vichupa vya dharura vingi vitaisha muda bila kutumika, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini mganga mfawidhi anayejua ataulizwa kwa nini dawa imeharibika stoo ana kila sababu ya kuagiza vichache, au kutoagiza kabisa. Mbunge anayetaka kusaidia aanzie kwenye kanuni hiyo: idadi ya chini ya vichupa kwa kila kituo iandikwe, na vikiisha muda vibadilishwe bila mtu kuandikiwa hoja.