Kura Tatu za 1958: Tumemwonea Mtemvu?

Mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, ulioamua chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika ya kikoloni, tunaufundisha kama Uamuzi wa Busara, na Zuberi Mtemvu aliyeukataa anabaki mtu wa pembeni, mwenye hasira zake. Nadhani tumemwonea.

Itazameni kura yenyewe. Viti 30 vya Baraza la Kutunga Sheria: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Wazungu walikuwa kama elfu 20, Waafrika zaidi ya milioni 8. Mpiga kura alilazimika kuchagua watatu, mmoja wa kila rangi. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura imeharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ilitakiwa elimu, au cheo kinachotambulika, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mama muuza vitumbua wa Kariakoo, mkulima wa pamba wa Usukuma, watu ambao michango yao ndiyo iliyokisimamisha chama, wengi wao hawakuwa na chao katika uchaguzi huo. Mtemvu alipohoji TANU inaingiaje humo, alisema yaliyokuwa mioyoni mwa wajumbe wengi. Aliposhindwa akatoka, akaunda chama chake, ANC (African National Congress), kilichotaka nchi iwe ya Waafrika tu.

Nyerere naye alikuwa na hoja nzito: kususia kungewapa UTP (United Tanganyika Party), chama kilichobebwa na Gavana wa Kiingereza, Twining, viti vya bure. Matokeo yalimpa haki. Wagombea walioungwa mkono na TANU, akina Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mwasia, wakiwamo, walishinda, na UTP ikasambaratika.

Sawa, lakini Januari 1958 hakuna aliyeyajua hayo, ilikuwa kamari. Na wanaomwita Mtemvu mbaguzi wasisahau kwamba Bryceson na Jamal, waliopigiwa kampeni na TANU, wasingepewa kadi ya chama hichohicho. Milango ya uanachama ilifunguliwa kwa wasio Waafrika baada ya Uhuru.

Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais, akapata kura elfu 21 na ushei dhidi ya zaidi ya milioni 1 za Nyerere. Wengi huitaja hesabu hiyo kama jibu la Tabora. Wananchi waliulizwa nani awe Rais, basi. Swali la kura tatu halikuwamo. Kufikia 1965 katiba ikabakiza vyama viwili tu, TANU Bara na ASP (Afro-Shirazi Party) Visiwani, na mjumbe asiyekubaliana na wenzake hakuwa tena na ruhusa ya kutoka na kuunda chake.