Maswali Mia Moja na Kituo cha Basi: Vijana wa Marekani Wafundishweje Serikali Yao?

Kadi zimetandazwa juu ya meza ya jikoni, kando ya sufuria ya sombe iliyofunikwa. Mama, mwenyeji wa Uvira huko Kongo, aliyefika Phoenix, jimbo la Arizona, kama mkimbizi, anajiandaa kwa usaili wa uraia. Kijana wake wa miaka 17 anajiandaa kwa mtihani wa shule. Kadi wanazotumia ni zilezile, na mimi, ninayesaidia darasa la uraia kila Jumamosi, nimekaa pembeni nikiwasikiliza.

"Seneti ina maseneta wangapi?"

"Mia moja."

"Baraza la Wawakilishi?"

"Mia nne thelathini na tano."

"Marekebisho ya Katiba?"

"Ishirini na saba."

Kijana anajibu kabla mama hajamaliza kusoma. Kisha mama anaweka kadi chini na kuuliza jambo lisilokuwa kwenye kadi yoyote: "Sasa baba, nani alihamisha kituo cha basi?"

Kituo cha basi la shule kilihamishwa Agosti, muhula ulipoanza. Watoto wa mtaa ule sasa wanavuka barabara pana yenye magari mengi, kukiwa bado alfajiri, na Phoenix mwezi Agosti joto halisubiri jua lichomoze. Kijana, aliyetoka kutaja idadi ya wabunge bila kukosea, akatazama meza. Akabahatisha: gavana? Meya? Hakujua.

Tangu jioni ile nimekuwa nikilitazama upya suala linalowagawa Wamarekani kwa zaidi ya miaka 10 sasa: mwanafunzi wa sekondari afundishweje serikali ya nchi yake? Wako wanaosema ajue kwanza, apimwe. Wako wanaosema hatajua mpaka atende. Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyosemwa na wapinzani wao.

Nianze na mtihani. Januari 2015 Arizona ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria kwamba mwanafunzi hahitimu sekondari bila kufaulu maswali ya uraia, yaleyale 100 ambayo wakati huo idara ya uhamiaji ilitumia kuwapima wageni wanaoomba uraia. Mwanzoni alitakiwa kupata 60, baadaye kiwango kikapandishwa hadi 70, na anayeshindwa anaruhusiwa kurudia. Majimbo mengi yakafuata kwa namna yake. Mama wa kijana yule, kwa upande wake, aliwasilisha ombi kabla ya Oktoba 20, 2025, kwa hiyo atapimwa kwa utaratibu wa zamani: anaulizwa maswali hadi 10 kwa mdomo na anatakiwa apate 6. Walioomba kuanzia tarehe hiyo wanakabiliwa na orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na lazima wapate 12.

Hoja ya wenye mtihani ni ya haki, na mimi naiheshimu. Ikiwa mama anayefanya kazi usiku na kusoma Kiingereza kwa tabu anatakiwa ajue mihimili mitatu ya dola kabla ya kuitwa raia, kwa nini aliyezaliwa hapo apite bila kuulizwa? Halafu hali yenyewe inatisha. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2022, ni asilimia 22 tu ya wanafunzi wa darasa la 8 waliofikia kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri katika somo la uraia, na wastani ulishuka kwa mara ya kwanza tangu upimaji huo uanze mwaka 1998. Darasa la 12, wale wanaokaribia kupiga kura, hawajapimwa kitaifa katika somo hili tangu 2010. Nchi inayopima hesabu na kusoma kila mara imeliacha somo la kujitawala likae kiporo.

Shule nayo hufundisha kinachopimwa. Mwalimu yeyote atakuambia kwamba muda unapobana, somo lisilo na mtihani ndilo linaloliwa kwanza. Kuweka mtihani ni njia ya kuhakikisha somo halifi. Na maarifa yenyewe si mapambo. Ukijua kwamba kila jimbo lina maseneta wawili, ndipo unaweza kushangaa kwamba California yenye watu zaidi ya milioni 39 na Wyoming isiyofikisha 600,000 zina sauti sawa katika Seneti. Asiyejua hesabu hiyo hana hata pa kuanzia kubishana.

Ila kadi haimfikishi huko. Kadi inataka "mia moja" na inaishia hapo. Sisi tuliosoma Civics Tanzania tunaufahamu ugonjwa huu vizuri sana: tulikariri Serikali, Bunge na Mahakama kama wimbo, tukapata alama zetu, na wengi wetu hatukuwahi kuuliza mbunge akikataa bajeti kinatokea nini. Maswali ya uhamiaji yalitungwa kumpima mtu mzima mgeni katika mazungumzo ya dakika chache. Hayakutungwa kuwa mtaala wa miaka minne ya sekondari. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walilinganisha majimbo yaliyoweka mtihani huo na yasiyouweka, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 hawakuona kwamba mtihani umeongeza idadi ya vijana wanaojitokeza kupiga kura.

Upande wa pili ulikwenda njia nyingine. Illinois mwaka 2015 iliamuru somo la uraia la angalau muhula mmoja sekondari, na ndani yake yawemo majadiliano ya mambo yanayobishaniwa, kazi za huduma kwa jamii, na maigizo ya shughuli za kidemokrasia. Massachusetts mwaka 2018 ilipitisha sheria kwamba kila mwanafunzi apate nafasi ya kushiriki mradi wa kiraia unaoongozwa na wanafunzi wenyewe, mara moja darasa la 8 na mara nyingine sekondari. Wanafunzi huchagua tatizo la mahali pao, huchunguza nani mwenye mamlaka nalo, kisha humwendea.

Kwa mtu aliyekaa kwenye ile meza ya jikoni, dawa inaonekana ni hiyohiyo. Kijana angeanza na kituo cha basi, na kituo cha basi kingempeleka kwenye bodi ya shule, na bodi ingempeleka kwenye sheria ya jimbo.

Mwaka 2021, hata hivyo, Texas ilizuia shule zisimpe mwanafunzi alama kwa kazi ya kuwashawishi viongozi wa serikali wachukue hatua fulani. Wengi wa upande wa miradi waliichukulia sheria hiyo kama uadui mtupu dhidi ya vijana. Mimi nadhani walipita haraka mno. Mwanafunzi analazimishwa na sheria kuwa darasani, na mwalimu ndiye mwenye kalamu ya alama. Mradi "unaoongozwa na wanafunzi" unaweza kugeuka kirahisi kuwa mradi wa kumpendeza mwalimu, na mtoto wa familia yenye msimamo tofauti akajikuta anaandika barua asiyoiamini ili asifeli.

Nilipowaeleza hoja hii wazee wa Kikongomani katika darasa letu la Jumamosi, hakuna aliyehitaji maelezo ya ziada. Walikuwa watoto wa shule enzi za Zaire, jina la Kongo yao wakati huo. Wanakumbuka walivyotolewa darasani kwenda kuimba na kucheza kumsifu Rais Mobutu na chama chake cha MPR. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akishachezeshwa siasa na mwalimu, hajui tena lini anasema lake. Mtu anayelisema hilo kwa uzoefu wa maisha yake huwezi kumwambia kwamba hofu yake ni propaganda.

Hata hivyo tiba ya Texas ni kali kuliko ugonjwa. Inamlinda mtoto asitumiwe, na papo hapo inamwambia kwamba kuzungumza na kiongozi aliyechaguliwa na mzazi wake ni jambo lisilohesabika kama elimu. Ninachokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zinagombania upande wa kuegemea, na katikati kuna kitu ambacho hakina upande hata kidogo: njia. Nani anaamua jambo hili? Kwa sheria gani? Anakutana lini, kura ngapi zinatosha, na nani anaweza kuutengua uamuzi wake? Mwalimu anaweza kufundisha hayo yote bila kusema kituo cha basi kirudi au kisirudi. Na hayo ndiyo yanayokosekana kwenye kadi.

Yanakosekana kwa sababu kadi zinatazama sana Washington. Marekani ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000 ukihesabu kaunti, miji, wilaya za shule na mamlaka maalumu za maji, zimamoto na kadhalika, na wanaochaguliwa kwa kura nchi nzima ni takriban nusu milioni. Wabunge wa Washington ni 535 kati ya hao. Mtoto anafundishwa kilele cha mlima, kisha anaishi maisha yake yote bondeni.

Elimu yenyewe ni mfano mzuri kuliko wote. Katiba ya Marekani haina neno "elimu" popote. Marekebisho ya 10 yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, ni ya majimbo au ya wananchi. Ndiyo sababu Arizona inapima, Massachusetts inaandaa miradi na Texas inakataza, wote ndani ya nchi moja, na rais hana mamlaka ya kuwapangia mtaala. Mwaka 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya wilaya ya shule ya San Antonio kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya nchi. Mwaka 2018 wanafunzi wa Rhode Island walijaribu kuupenya ukuta huo: waliishtaki serikali ya jimbo lao wakidai kwamba Katiba inawapa haki ya kufundishwa namna ya kuwa raia. Jaji William Smith aliwasifu, akakubali kwamba tatizo wanalolisema ni kubwa, na akaitupa kesi yao mwaka 2020. Rufaa nayo ikashindwa Januari 2022.

Ningekuwa mwalimu ningeifundisha kesi hiyo moja kwa mwezi mzima. Ina shirikisho, ina mahakama, ina hukumu ya zamani inayomfunga jaji, ina vijana waliojua mlango wa kugonga. Na haimlazimishi mwanafunzi kumpenda wala kumchukia mtu.

Lipo pia suala la nani anafaidi. Shule za mitaa yenye fedha zina vilabu vya mdahalo, kesi za kuigiza na safari za kwenda kuona bunge la jimbo. Shule nyingi za wageni na maskini hupata karatasi ya maswali 100 na siku ya mtihani. Tukiishia kwenye karatasi, tunawafundisha wengine kutumia serikali na wengine kuitambua tu kwenye picha. Kwa kijana huyu jambo hili haliko mbali: mama yake akiapishwa kabla yeye hajatimiza miaka 18, na yeye akiwa mkazi wa kudumu anayeishi naye, naye anakuwa raia siku hiyohiyo. Mwaka ujao anaweza kuwa mpiga kura.

Kuhusu kituo cha basi, hatimaye alipata jibu: ni wilaya ya shule, chini ya bodi inayochaguliwa na wakazi. Akaenda kwenye kikao. Kuna muda wa wananchi kusema, dakika tatu kwa kila mtu. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja, akausoma akitetemeka kidogo, akamaliza. Mwenyekiti akasema asante, akaita jina linalofuata. Hakuna mjumbe aliyeuliza swali wala kujibu neno.

Alirudi nyumbani na hasira. "Mama, hawajali. Hata kujibu hawakujibu." Nusura liwe somo lake la kwanza na la mwisho la demokrasia.

Kesho yake mwalimu wake wa somo la serikali alimwonyesha sheria ya Arizona ya vikao vya wazi. Inasema jambo ambalo halimo kwenye ajenda, wajumbe hawaruhusiwi kulijadili hata likiletwa na mwananchi mbele yao. Wanaweza kujibu lawama waliyotupiwa, kuwaagiza watendaji walichunguze, au kuomba liingizwe kwenye ajenda ya siku nyingine. Katazo hilo lipo ili bodi isiamue mambo ambayo umma haukutangaziwa. Ukimya uliomuumiza ulitokana na sheria inayomlinda yeye. Mwalimu hakumwambia aandike nini. Alimwuliza tu, kati ya hayo matatu, yeye anataka lipi.

Kijana aliandika barua pepe ya mistari minne kuomba jambo lake liwekwe kwenye ajenda. Ajenda lazima itangazwe angalau saa 24 kabla ya kikao, kwa hiyo alikuwa akiifungua kwenye simu kila akirudi shule. Jumatatu moja akaisoma kwa sauti pale mezani, kadi zikiwa zimesukumwa pembeni: kipengele cha saba, usafiri wa wanafunzi na mahali pa vituo. Mama akafuta mikono, akauliza kikao kinaanza saa ngapi, na kama mtu asiye raia bado anaruhusiwa kusema.

"Unaruhusiwa," akajibu kijana. "Saa kumi na mbili jioni. Dakika tatu."