Matufaha Yaliyotoa Povu

Kabatini mwangu kulikuwa na chupa mbili zilizowahi kuwa za jemu, zote na unga mweupe, zote bila maandishi. Moja kornflawa, nyingine magadi soda. Siku ya kuzijaza nilijiambia, "Nitakumbuka." Na kweli nilikumbuka kwamba moja ni kornflawa. Ipi, hilo ndilo lililonitoroka.

Dada yangu alikuwa ameniachia mwanawe wa miaka 7 kwa alasiri moja, nikaamua tumpikie matufaha ya viungo ya kikaangoni, ayakute ya moto akirudi. Ni kitamu cha dakika 20, hakitaki oveni wala kukanda chochote, na mimi nimekipika mara nyingi kiasi kwamba maelekezo niliyatoa kwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Tazama, mpwa. Matufaha manne, magumu, yenye uchachu. Granny Smith ndiyo hodari. Ukichukua yale laini ya ungaunga, kabla hujageuka yameshakuwa uji."

Huo uji tutakutana nao tena.

Tukayamenya, tukayapasua robo robo, tukatoa mbegu, tukayakata vipande vya unene wa sentimita 1. Katika unene sina mzaha: kikiwa chembamba kinavunjika ukikigeuza, kikiwa kinene nje kinalegea na ndani bado ni kibichi. Kikaango kikapanda kwenye moto wa wastani na vijiko 2 vya chakula vya siagi. Siagi ikayeyuka, ikaanza kuchemka povu.

"Mjomba, povu!"

"Usiogope," nikasema, mikono nyuma. "Siagi ina maji ndani yake. Hayo ni maji tu yanaondoka. Povu likitulia, ndipo tunaweka matufaha."

Natamani ningekohoa badala ya kusema maneno hayo.

Yalikaa kwenye siagi dakika 4 bila sukari. Watu wengi hapa wana haraka, wanamwaga sukari mwanzoni. Sukari huvuta maji ya tunda, na badala ya kukaangika matufaha yanachemka kwenye juisi yake yakiwa meupe kama wagonjwa. Yetu yakapata madoa ya dhahabu. Nikasogeza vipande pembeni, nikaweka viungo katikati juu ya siagi: mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, kungumanga robo ya kijiko, na karafuu ya unga chembe tu, kiasi cha kushikwa na ncha ya kisu, kwa sababu karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi kama umetoka kung'oa jino. Sekunde 30, si zaidi. Harufu ya viungo huchanua ndani ya mafuta, lakini mdalasini ukiungua unakuwa mchungu na hakuna sukari ya kuuficha.

Kisha sukari ya kahawia vijiko 3 vya chakula, chumvi chembe, maji ya limau kijiko 1 cha chakula, na maji ya kawaida mililita 60. Kifuniko. Dakika 6. Nyumba ikanukia hadi nikaanza kujihurumia kwamba nina dada mmoja tu wa kuja kunisifu.

Nilipofunua, matufaha yalikuwa yamelainika bila kuvunjika, ila mchuzi ulikuwa mwepesi. Hapo suluhisho linajulikana: kijiko 1 cha chai cha kornflawa, kikorogwe kwanza na vijiko 2 vya maji baridi. Ukiitupa kavu kwenye mchuzi wa moto, kila kibonge kinapikika nje na kujifunga, ndani unga mkavu umejificha, unakuja kukupasukia mdomoni. Haya yote nilimweleza mtoto kwa ufasaha mkubwa huku nikichota kwenye chupa isiyo yake.

Nikamimina. Mchuzi ukafanya *shhh*, ukainuka kidogo.

"Mjomba, povu."

"Mchemko huo," nikasema.

Nikakoroga. Ukarudi chini, mwepesi vilevile. Nikaona niliweka kidogo, nikakoroga dozi ya pili, safari hii kijiko cha chakula kilichojaa hadi juu. Povu likapanda tena, la rangi ya kahawia, likafika ukingoni mwa kikaango, likasimama hapo likitetemeka kama linasubiri ruhusa.

Mtoto akaangalia povu, akaniangalia mimi. "Ni maji tu yanaondoka?"

Nikachota kidogo nikaonja. Sabuni. Sabuni yenye chumvi, na mdalasini kwa mbali.

Mtu timamu angezima jiko hapo. Mimi nilikumbuka kanuni ya jikoni kwamba chakula kikikosa uchangamfu kinaongezwa limau. Nikakamua limau zima.

Magadi soda yakikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na si baadaye, ni papo hapo. Tufaha lina asidi yake, limau lina asidi yake, na kwenye mchuzi wa moto mambo yanakwenda mbio zaidi. Kikaango cha kingo fupi hakina pa kuipeleka gesi hiyo. Povu lilivuka ukingo pande zote kwa wakati mmoja, likashuka juu ya jiko, likazima moto wa gesi, likaendelea na safari kuelekea kwenye kitambaa.

Hapa nitajisifu kwa jambo moja. Moto wa gesi ukizimwa na kilichofurika, kwenye majiko mengi gesi yenyewe haijazimwa, inaendelea kutoka kimyakimya. Nilifunga kitasa, nikafungua dirisha na mlango, sikuwasha kitu wala kubonyeza swichi, tukatoka nje mpaka harufu ikaisha. Tukiwa kibarazani mtoto alinisimulia tukio zima tangu mwanzo, kana kwamba sikuwepo.

Tuliporudi, povu lilikuwa limeanguka na kufichua yaliyobaki. Vipande vyangu vya sentimita 1 havikuwepo. Kinachoshikilia tufaha likipikwa ni pektini, ile gundi iliyo kati ya chembe zake. Kwenye uchachu inavumilia moto, lakini ukilitia magadi inaachia haraka. Dakika zile chache kabla ya limau zilitosha. Granny Smith yangu hodari ilikuwa uji, tena wa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, kwani magadi huharakisha pia kukolea kwa rangi. Na kama unadhani limau zima lilifuta ladha, sivyo: asidi na magadi vikimalizana povu huisha, lakini chumvichumvi yake inabaki sufuriani. Hakuna njia ya kurudi. Ni kumwaga.

Dada alifika nikiwa nimepiga magoti nashughulikia sukari kwenye jiko. Sukari ikikauka hapo usiikwaruze. Weka kitambaa chenye maji ya moto juu yake kwa dakika 10, itaachia yenyewe. Nilikuwa kwenye dakika ya 3. Akatazama jiko, kitambaa, kikaango, akauliza, "Matufaha yangu yako wapi?"

"Yalitoa povu," mtoto akasema.

Basi na dada naye akatoa lake.

Yalikuwa yamebaki matufaha mawili. Kabla ya kuanza upya niliziweka chupa mezani, nikamfundisha mtoto kipimo ambacho kingeniokoa. Kornflawa ukiifikicha kati ya vidole inateleza na kulia, kama viatu vipya. Magadi soda yana chembechembe, kama chumvi iliyosagwa sana. Ukiwa bado na shaka, weka chembe kwenye kisahani, dondoshea tone la limau: kinachochemka si kornflawa. Tukagawanya vipimo vyote nusu, mchuzi ukachemka dakika 1 baada ya kutia kornflawa, ukang'aa na kushika mgongo wa kijiko. Dada alikula yote mawili peke yake, akisema ni fidia.

Mtoto, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuandika, akaomba kalamu na karatasi akaziandikia chupa. Kwenye ya kornflawa akaandika HII. Kwenye ya magadi akaandika SIYO HII. Nikampongeza, nikazirudisha kabatini.

Jumamosi nilitaka kuoka keki, inayotaka magadi soda. Nimesimama mbele ya kabati lile karibu dakika nzima.