Usiniambie riwaya imekufunza nini

"Nimemaliza Kintu. Riwaya nzuri sana, inatufunza tuheshimu mila zetu. Nyota tano." Basi. Kurasa zaidi ya 400, karne mbili na nusu za ukoo mmoja, na maoni ni mafupi kuliko ujumbe wa kuomba nauli. Chini yake vidole gumba vimejipanga, na hakosi mmoja wa kuuliza PDF inapatikana wapi. Magrupu yetu ya wasomaji yamejaa ujumbe wa aina hii, badilisha tu jina la kitabu.

Tuheshimu mila. Yaani Jennifer Makumbi, Mganda aliyeiandika Kintu, ahangaike miaka yote ile ili atuambie jambo ambalo mzee yeyote angekupa bure, mrija wa malwa, pombe ya ulezi, ukiwa bado mdomoni?

Fungua sehemu ya kwanza. Mwaka ni 1750. Kintu Kidda, mkuu wa Buddu, jimbo la Buganda, yuko njiani na msafara wake kwenda kwa kabaka, yaani mfalme, mpya. Wanakata nyika ya o Lwera, jua kali, maji ya kuhesabu. Kalema, kijana aliyemlea, mtoto wa Ntwire, anakunywa kutoka kwenye kibuyu cha mkuu. Kofi moja. Kijana anaanguka, na haamki tena. Hakuna radi iliyopiga, hakuna mganga aliyetikisa manyanga. Kosa linalokibeba kitabu kizima ni mkono uliotangulia akili. Halafu linakuja la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza: Kintu anarudi nyumbani, anamtazama Ntwire usoni, na hamwambii.

Sasa funzo ni lipi hapo? Usimpige makofi mtoto wa kulea ukiwa safarini?

Anayetoa maoni angeshika swali ambalo Makumbi mwenyewe amekataa kulijibu: hii laana ya Ntwire inayosemwa kuuandama ukoo wa Kintu tangu kifo cha Kalema ipo kweli, au ni watu waliorithi jina la ugonjwa pamoja na ugonjwa wenyewe? Kamu, mtu wa ukoo huo, anauawa na umati Bwaise, mtaa wa Kampala, Jumatatu ya tarehe 5 Januari 2004, kurasa za mwanzo kabisa, kabla hujajua Kintu Kidda ni nani. Kifo kile ni deni la 1750, au ni Bwaise tu, siku ambayo mtu mmoja amepaza sauti "mwizi"? Miisi, msomi wa ukoo huo aliyepita Ulaya, analitazama jambo hilo kwa jicho moja, ndugu zake kwa jicho jingine, na kitabu hakiwaamulii. Hapo ndipo pa kubishania mpaka chai ipoe. "Tuheshimu mila" inafunga mlango kabla watu hawajaketi.

Ugonjwa huu tumeuokota darasani. "Jadili dhamira tano." Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na fani inasubiri aya ya mwisho, pale mwanafunzi anapokumbuka kwamba mwandishi "ametumia tashbiha". Miaka mingi baada ya mtihani mtu mzima bado anasoma riwaya kama anayechambua mchele: mafunzo huku, hadithi itupwe na chuya.

Na ubaya wa mafunzo ni kwamba kitabu kile kile kinakupa unalolitaka. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Nusu ya wasomaji wanakuambia inawaonya wasichana wasiharibike. Nusu nyingine wanaapa kwamba inawaonya wazazi wasiwe wakali kupita kiasi. Wote wamesoma maneno yale yale! Barua ya Charles, mvulana anayempenda Rosa, inanaswa nyumbani, Zakaria anampiga bintiye Rosa kipigo cha kutisha, na Zakaria huyo huyo ni mlevi. Kezilahabi ameweka barua na pombe chini ya paa moja, kisha akanyamaza. Atakayeniambia namna ukimya ule unavyofanya kazi, nitamsikiliza hadi asubuhi. Waliokipiga marufuku mashuleni Tanzania kwa muda nao walikuwa wakitafuta funzo, wakalikuta wasilolipenda.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna vitabu vilivyoandikwa ili vifunze. Shaaban Robert amemwita mhusika Adili, utafanya nini? Katika Kusadikika anayeshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa ni Karama. Humo ukiuliza funzo huna kosa. Lakini hata humo jiulize kwa nini utetezi wa Karama unageuka safari baada ya safari, za watu wengine, wakati kesi ni yake.

Basi tufanyeje? Soma na penseli. Si kalamu ya wino, kwa sababu riwaya za Kiswahili Kampala ni za kutafuta kwa tochi na nakala moja hupita mikono mingi. Alama tatu zinatosha: mstari pale uliposhtuka au kucheka, alama ya kuuliza pale ulipopotea, na nukta pale ulipokiweka kitabu chini. Nukta ndizo dhahabu. Watu wanaficha mahali walipochoka kana kwamba ni aibu, ilhali hakuna kinachomsaidia msomaji mwenzako zaidi ya hicho. Ila usikimbilie kumlaumu mwandishi. Rudia kurasa kumi za hapo ukiwa umelala vizuri. Zikiwa bado nzito, tafuta sababu. Majina yameingia kwa mkupuo? Katika Kintu kila sehemu inakuja na familia yake, na asiyechora mti wa ukoo kwenye kipande cha karatasi atapotea ifikapo sehemu ya tatu, kisha atasema kitabu "kinachanganya". Au mwandishi ameiacha hadithi akapanda jukwaani kuhutubia? Hilo ni kosa lake, liseme, na useme ni wapi.

Ukimaliza, rudi ukasome sura ya kwanza kabla hujaandika neno. Dakika ishirini tu. Utaona alichokuwekea mlangoni ukakiruka. Kisha acha siku mbili. Ukiandika saa saba usiku, kitabu kimefungwa sasa hivi, kila kitu "kimekugusa". Ukingoja mwezi, majina yameshayeyuka na umebaki na, naam, funzo.

Muhtasari usizidi sentensi tatu, na ukome pale mambo yanapoanza kuharibika. Nakili sentensi moja ya mwandishi kama ilivyo, mikato na yote. Taja sehemu na sura badala ya ukurasa peke yake: Kintu ina toleo la wachapishaji wa Nairobi waitwao Kwani? la 2014, la Transit Books la 2017 na la Oneworld la 2018, na ukurasa wako huenda usiwe wangu.

Kumtobolea mwisho asiyekisoma kitabu? Wanaolia kuhusu hilo wanalia kupita kiasi. Kamu amekufa mwanzoni na bado tumesoma mpaka mwisho.

Nyota tano ziachiwe hoteli.

Tafsiri nayo: mnaosoma Peponi mnamsifu Gurnah kwa "Kiswahili kitamu". Gurnah aliandika Kiingereza, mwaka 1994. Kiswahili hicho ni cha Ida Hadjivayanis, kimetoka Mkuki na Nyota 2022, na jina lake lipo kwenye kitabu. Lisomeni. (Na ukikisomea ndani ya teksi, daladala yetu ya Kampala, ya kwenda Ntinda, jiandae: konda atakuuliza kama wewe ni mwanajeshi au Mkongo, maana kwake Kiswahili ni cha hao.)

Najua wengine sasa mmeshika Kuli ya Adam Shafi, na naona kwa mbali "inatufunza umuhimu wa umoja" ikipashwa moto. Sawa, mgomo wa bandarini Unguja wa 1948 umo. Lakini Rashidi, mhusika mkuu, hazaliwi mgomaji. Nitajieni sura ambayo anageuka, na kama hamwioni, mseme hamwioni.