Daktari Anayejua Kuacha Kazi Njiani

Wakazi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa maana ya ajali kubwa ya barabarani. Mwezi Februari 2023, huko Korogwe, Fuso na Coaster iliyobeba msiba kuelekea Kilimanjaro ziligongana usiku, na hesabu ya kwanza ikawa watu 17 waliofariki. Kila baada ya tukio la namna hiyo mazungumzo yetu huwa juu ya magari ya wagonjwa, damu na vifaa, nami siyapingi, kwa kuwa nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi na ninajua kazi ilivyo damu inapokwisha. Lakini lipo jambo lisilonunuliwa ambalo hatulisemi: uamuzi wa daktari wa upasuaji na mawasiliano yake na walio naye chumbani.

Usiku mmoja, katika hospitali nisiyoitaja, iliyo nje ya mkoa huu, tulipokea majeruhi kumi na wawili kwa pamoja, na daktari wa upasuaji alikuwa mmoja. Alianza na aliyetangulia kufika, mwenye mguu uliovunjika na aliyekuwa akipiga kelele sana, akaushughulikia kwa ufundi ambao hata leo ningeusifu, kwa karibu saa mbili. Huko nje alilala kijana mkimya, tumbo likimvimba. Muuguzi mwanafunzi alikuja mlangoni mara mbili, akasema kwa sauti ya adabu, "Samahani daktari, yule kijana hali yake si nzuri." Alijibiwa, "Nisubirini." Kijana alifariki kabla ya mshono wa mwisho.

Mikono ya daktari yule haikukosea hata kidogo. Alichokosa ni kukumbuka kwamba siku ya maafa mgonjwa wake si aliye mezani peke yake, bali ni umati wote ulioko mlangoni. Ndiyo maana upasuaji wa siku hiyo huwa mfupi: damu inazuiwa, vitambaa vinajazwa ndani, jeraha linafunikwa kwa muda, na mgonjwa anarudishwa mezani baadaye akishapata nguvu. Kwa mtu aliyefundishwa kumaliza alichoanza, kuacha kazi njiani huonekana kama aibu, na naamini huo ndio uamuzi mgumu kuliko kukata kwenyewe.

Wataalamu wa Aberdeen na Edinburgh, huko Uskoti, waliunda kipimo kiitwacho NOTSS, kinachomtazama daktari wa upasuaji katika mambo manne: kutambua hali inavyokwenda, kuamua, kuwasiliana na kushirikiana, na kuongoza. La mawasiliano ndilo linalotugusa zaidi, kwa sababu heshima yetu, ambayo kwingine ni pambo, hapa humfanya mdogo anong'one pale anapopaswa kutamka waziwazi kwamba mtu anakufa.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inataka watu wote chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kukata. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Majaribio yale hayakuwa ya maafa, lakini usiku wa maafa ndipo watu huitwa kutoka majumbani wakakutana mezani bila kujuana, na agizo la damu la "chupa mbili, kundi O" lisiporudiwa na aliyelipokea, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyekwenda kuzichukua. Hospitali zetu, kuanzia Bombo, ile ya mkoa, hadi za wilaya, zingeweza kulifanyia zoezi jambo hilo kwa saa moja kila baada ya miezi michache, tena na zamu ya usiku.

Nilifanya kazi na daktari yule yule miaka kadhaa baadaye, basi jingine lilipopinduka. Kabla ya kunawa mikono alimgeukia mwanafunzi akamwambia, "Kazi yako ni mlango. Kila dakika kumi ingia uniambie nani amebadilika, hata nikikukemea." Usiku ule alimkemea mara mbili, na mara zote mbili binti aliingia tena.